Pemba ya Wakorea

Ilibaki wiki moja mjukuu wangu aposwe, naye uso wake haukumridhisha. Alijitazama kwenye kioo, akamtazama msichana wa Kikorea katika filamu ya simuni, kisha akanitazama mimi bibi yake kana kwamba makosa nilimrithisha mimi. Yule wa simuni anang'aa kama sahani iliyooshwa sasa hivi. Mimi ngozi yangu alinipa Mungu, na kwa miaka sabini na miwili sijafikiria kumrudishia.

Akanunua kikopo kwa mama mmoja anayeleta bidhaa kwa treni kutoka Lubumbashi. Ndani mlikuwa na uji mzito wa mchele. Unajipaka, unauacha ukauke, na mpaka uuoshe huruhusiwi kucheka wala kusema, usije ukapasuka.

Alhamisi, karibu na adhuhuri, alikuwa amekaa uani hivyo, mweupe pepepe, ndipo shangazi wa mchumba wake alipoingia bila taarifa, kuchungulia kama binti anajua kutwanga. Akasimama pale pale. Kwetu Waluba, mwanamke akipakwa pemba, ule udongo mweupe, amezaa mapacha. Na huyu wetu hajaolewa.

"Mama," akaniambia polepole, "mapasa iko wapi?"

Nikamwambia hakuna pacha hapa. Akamgeukia binti mwenyewe. Binti, kwa kuulinda uso wake, akanyamaza. Kimya kile shangazi alikipokea kama ungamo. Akakaza kitenge kiunoni kama mtu mwenye habari za kupeleka.

Niliiona posa inatoka mlangoni. Nikasali kwa kifupi, nikachota ule uji, nikajipaka mashavu yote mawili.

"Basi na minyi nimezaa," nikasema. "Baba yao iko makaburini, mwaka wa kumi na moja huu."

Shangazi akalegeza kitenge kiunoni. Kisha akavuta kiti, akauliza kitu hicho kinafanya kazi gani. Nikamjibu kwamba Wakorea wanasema kinaondoa makunyanzi. Akafungua kitambaa cha kichwa, akaniletea uso.

Kengele ya kanisa, ya sala ya Malaika wa Bwana, ilitukuta watatu, weupe, midomo imekauka. Tulisali moyoni, na naamini ilifika.

Jumapili walikuja kuposa. Salamu hazijaisha, shangazi akanivuta kando kuuliza kama kikopo kina kitu bado. Nikamwambia kimebaki nusu, nacho kitahama pamoja na bibi harusi. Akarudi kuketi, akawaambia wanaume wafupishe maneno.