Baba Chini ya Fahali

Nimechora kwa rangi za mafuta migomba ya Bugarama, watakatifu wa kanisani, maharusi, hata jogoo wa jirani, ambaye nilimchora kwa hasira tu. Hakuna picha inayoninyima raha kama ya fahali mmoja iliyoko Nyantakara, kwa sababu chini ya fahali yule yumo baba yangu.

Baba aliugua muda mrefu kwetu Kibimba. Kila alasiri aliketi uani nikimchora. Mimi napaka rangi nzito, kwa kisu cha kupakia rangi, mpaka turubai ninayochorea inaota matuta. Mama hakutaka kuitazama picha ile.

"Mgonjwa hatazamwi pichani," alisema. "Nitaiona akipona."

Hakupona. Baada ya mazishi nilibaki na picha chumbani, na macho yake yalinifuata kila nilikogeuka. Nilikuwa nimeyachora siku ya maumivu makali, mjinga mimi, nikajisifu kwamba nimeyapatia. Nilifika mahali nikawa naogopa kuingia chumbani kwangu mwenyewe.

Ndipo akaja mfugaji mmoja, Msukuma aliyehamia Biharamulo kutoka Shinyanga, akitaka fahali wake achorwe kabla hajazeeka. Sikuwa na turubai nyingine. Ningeweza kuagiza Mwanza nikasubiri, lakini sikusubiri. Nilimpaka baba rangi ya kahawia kuanzia kwenye paji la uso kwenda chini, na nakiri kwamba nilipomaliza nilipumua. Mfugaji akaichukua picha yake akaenda nayo kwake Nyantakara, amefurahi.

Wiki chache baadaye mama akasema, "Sasa niletee mume wangu nimwone."

Simu yangu iliyokuwa na picha za baba ilikuwa imeshaharibika. Sura ya baba haikuwepo penginepo. Nilimweleza ukweli nikiwa nimeinamisha kichwa. Hakunigombeza. Aliingia ndani akavaa viatu vya safari.

Tulifika Nyantakara jioni, kisu changu kikiwa mkobani. Nilipomwomba mfugaji ruhusa ya kumkwangua fahali wake, hakushangaa hata kidogo.

"Dada, mimi ndiye niliyetaka kukuuliza," alisema. "Asubuhi jua likiingia mlangoni, ndani ya ng'ombe wangu anaonekana mzee. Watoto walikuwa wanakimbia. Nikawaambia, mzee hakimbiwi, anaamkiwa. Subirini kesho mwone wenyewe."

Kulipokucha tukasimama sebuleni. Mwanga uliingia kwa ubavu, matuta ya rangi ya chini yakatupa vivuli, na baba akatokea kwenye mbavu za fahali: kwanza sikio, halafu shavu lililobonyea, halafu macho yale yale. Watoto wa nyumba, wakiwa na sare za shule, walipita mbele yake mmoja mmoja.

"Shikamoo, babu."

Mama alipitisha kidole polepole kwenye shavu lile, akilia bila sauti. Nikatoa kisu.

"Nikikwangua taratibu, mama, labda atatoka mzima."

"Rudisha kisu chako."

"Lakini ni baba."

"Ni baba, na wewe ulimfunika," alisema bila kunigeukia. "Mwache huku. Huku anaamkiwa."

Siku hizi mama huenda Nyantakara kila anapopata nafasi, na siku anayokwenda haniambii.