Nyuma Geuka

Kofi la kwanza ninalolikumbuka nililipata kwa sababu ya shuka. Tulikuwa tunaishi Kibaha, sijaanza hata shule, na kona ya shuka upande wa ukutani ilikuwa imelegea. Baba alikuwa meja jeshini. Kwake kitanda chenye mkunjo kilikuwa hakijatandikwa. Hadi leo natandika, natandua, natandika tena ndipo nitoke nyumbani. Kuandika nimejifunza mwenyewe, na naandika hivyo hivyo.

Alipostaafu tulihamia Vihingo, akapanda mihogo na kufufua mikorosho iliyotelekezwa. Sisi ni Wanyamwezi, watu wa bara, wenyeji wa pale ni Wazaramo, lakini haikupita miaka mingi wakamchagua mwenyekiti wa kijiji. Sababu ilikuwa wezi. Baba alikusanya vijana akawafundisha mgambo kwenye uwanja wa shule, fimbo begani badala ya bunduki. Vijana walikoma. Aliyekosea hatua alilala kifudifudi kwenye umande, na buti la baba lilimkuta hapo hapo.

Jambo alilojivunia zaidi lilikuwa filimbi. Ukisikia mlio mrefu, acha jembe, kimbilia sauti inakotoka. Mkifika, tengenezeni duara, nyuso ndani, mwizi katikati. Mbuzi wakaacha kupotea.

Alasiri moja mlio mrefu ulitoka upande wa mikorosho, kwenye njia inayoelekea Kwala. Kijana wetu mmoja, dereva wa bodaboda, alikuwa ameokotwa chini ya mkorosho, kichwa kimepasuliwa kwa nondo. Pikipiki haipo. Walimpeleka hospitalini akikoroma. Mtu aliyekuwa na pikipiki hiyo alinasa kwenye tope mbele kidogo, na mgambo aliyemwona ndiye aliyepuliza.

Baba hakutoka mpaka amefunga kamba za buti. Nilimfuata mbio, na mama alinifokea nirudi, nikajifanya sijasikia.

Nakiri, kitu cha kwanza nilichokiona si damu. Niliona duara limekamilika, hakuna pengo, kila mtu mahali pake, na moyoni nikasema, wamepatia. Kisha nikasikia. Sauti ya fimbo kwenye nyama si sauti ya fimbo kwenye mfupa. Mtu aliyekuwa chini alikuwa ameacha kujikinga. Jino lake lilikuwa limeganda kwenye shati lake mwenyewe. Walikuwa wanampiga kwa zamu, bila fujo, kama walivyofundishwa kufanya kila kitu.

Nyuma yao bodaboda walikuwa wanafika kutoka barabarani, wengine wawili wawili juu ya pikipiki moja. Mmoja alikuwa na chupa ya maji iliyojaa petroli, mwingine amejivisha tairi begani.

"Acheni," baba alisema.

Hakuna aliyegeuka. Alimshika wa karibu ukosi, akampiga ngumi ya tumbo, kijana akakaa chini akitapika. Aliingia katikati, akasimama juu ya mwizi, miguu huku na huku.

"Afande, wewe mwenyewe ulitufundisha kumzunguka," mgambo mmoja alisema.

"Mzee, pisha," alisema mwenye tairi. "Hapa siyo kambini. Mnamlea wa nini huyu? Tunamchoma, tunakwenda kula."

Niliona midomo ya baba imekauka. Sikuwahi kuiona hivyo. Nilijua wangemuua yule mtu, na baba asingepisha, kwa hiyo wangempitia yeye kwanza.

Akavuta pumzi.

"Mgambo! Mguu... sawa!"

Visigino vikagongana.

"Nyuma... geuka!"

Miili iligeuka kabla ya akili kuuliza kwa nini. Sasa migongo ilikuwa kwa mwizi, na nyuso kwa bodaboda. Mwenye tairi alisimama.

Mmoja tu hakugeuka. Alikuwa mdogo wake dereva aliyepasuliwa, na mkononi alikuwa na panga.

Baba alimwendea.

"Amempasua kaka yangu," kijana alisema.

"Nimesikia."

"Basi pisha, afande."

"Sipishi."

Panga lilishuka kwa yule aliyelala. Baba alitia mkono. Lilikita kwenye mfupa chini ya kiwiko, likakwama kidogo, likatoka. Kwa mkono mzima alimshika kijana kisogo, akamvuta mpaka paji la uso likagusa paji la uso, damu ikiwatiririkia wote wawili.

"Mwanangu," alimwambia, "amri haijabadilika."

Kijana alishusha panga. Kisha akageuka.

Mawe yakaanza. Mgambo mmoja alipasuka nyusi, akabaki amesimama, jicho limejaa damu. Mwingine alipigwa gotini akaanguka, akainuka akarudi kwenye nafasi yake. Chupa ya petroli ilirushwa, ikatua kwenye majani mabichi bila kuwashwa. Walisimama hivyo mpaka gari la polisi lilipofika. Mwizi alitupwa nyuma kama gunia, lakini alikuwa anapumua.

Jirani yetu, bibi wa Kizaramo, ndiye aliyemfunga baba mkono kwa kipande cha kanga kabla ya kupelekwa kushonwa.

"Mtani, Wanyamwezi kwa kubeba hamjambo," alisema akikaza fundo. "Babu zenu walibeba pembe za ndovu. Wewe unabeba mwizi."

"Mzigo ni mzigo, mtani," baba alijibu, meno yameumana.

Asubuhi, kabla sijafagia, mdogo wake dereva alikuwa amesimama uani, mguu sawa.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba."

"Kaka amefariki."

Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai cha baba, na chai ikamwagika kwenye kisosi. Nilisubiri kofi. Baba hakunitazama.

"Ningemuua yule," kijana alisema.

"Najua. Ndiyo maana nilikuja kwako kwanza."

"Wanasema wewe uko na wezi."

"Kina nani wanasema?"

"Wote."

Baba aliomba filimbi. Alishindwa kuivaa kwa mkono mmoja, nikamvalisha mimi. Akapuliza mlio mrefu.

Walikuja na majembe, wengine na mapanga. Hakuna aliyetoa shikamoo. Kwa mazoea wakatengeneza duara, nyuso ndani, baba katikati. Nilitazama nikiwa mlangoni pa jiko.

"Marehemu ni mwenzetu," baba alisema. "Kaburi lichimbwe kabla ya adhuhuri. Mimi nina mkono mmoja, lakini nakuja."

Mmoja alitema mate. Mwenye nyusi iliyoshonwa alikuwa anatazama chini.

Mdogo wa marehemu aliingia ndani ya duara. Aliinama, akachukua jembe la baba lililokuwa limeegemea kinu, akaliweka begani mwake.

"Twende, afande," alisema.

Duara lilifunguka mahali pamoja, upana wa watu wawili. Walipita wakashika njia ya makaburini bila kugeuka nyuma. Kwa muda hakuna aliyewafuata. Kisha nikasikia majembe yakigongana, na wengine wakaanza kutembea.