Mbegu Nilizozitundika Moshini

Jiko la bibi yangu huko Chole, Kisarawe, lilinuka moshi uliozeeka. Juu ya mafiga kulikuwa na uchaga, na kwenye uchaga yalining'inia mahindi ya mbegu, meusi kwa masizi, yakisubiri mvua. Moshi huwafukuza wadudu. Mtoto wa mkulima alilijua hilo kabla hajajua kuhesabu. Nilikuwa na miaka tisa au kumi. Siku hizi naswali nimekaa kitini, na mambo ya juzi yananitoroka, lakini kiangazi kile ninacho chote.

Babu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, tukamzika chini ya mkorosho nyuma ya shamba. Bibi alitaka ampandie ua la msituni, lile jekundu la duara kama ngumi ya mtoto, linalochomoza kwenye majani yaliyooza mvua za kwanza zikianguka. Alisema kila kibichi humsabihi Mola, na aliyelala chini yake hupata nafuu. Ua hilo liliota kwenye kichaka cha makaburi ya wazee, na humo jembe halikuingizwa. Kilichoota hakikung'olewa, kilichodondoka tu ndicho kilichookotwa. Basi ilibidi tuoteshe kwa mbegu, nazo zilidondoka mara moja kwa mwaka. Miguu ya bibi ilikwisha kuanza kuvimba, akanituma mimi.

Niliokota punje nyekundu zilizojaa kiganja. Niliporudi nikakuta bibi amekwenda msibani kijiji cha pili, akakaa huko mpaka hitima. Sikutaka aone nimezembea. Nikazifunga kwenye kitambaa, nikazitundika uchagani pamoja na mahindi. Aliporudi akauliza, nikamwambia nimezihifadhi vizuri, naye akaniamini. Mvua zilipoanza nikamletea. Akafungua fundo, akazigeuzageuza kiganjani. Zilikuwa zimesinyaa kama pilipili manga.

"Mke mwenzangu," aliniita, maana kwetu bibi na mjukuu wa kike hutaniana hivyo, "ndiyo umemkaangia mume wetu maua?"

"Nilizihifadhi, bibi. Kama mahindi."

"Mahindi ni ya watu. Hizi ni za msitu, hufukiwa siku ileile, zingali na maji yake." Akanitazama. "Wivu huo. Hutaki nimpelekee zawadi peke yangu." Akacheka kidogo, kisha akakaa chini na kunyoosha miguu. "Haya. Mpaka mwakani, inshallah."

Maji yakimwagika hayazoleki. Mwaka uliofuata nikaokota nyingine, nikazifukia jioni ileile kwenye chungu kilichopasuka, ndani ya udongo mweusi wa kichakani, na bibi akazinywesha maji yaliyobaki kwenye udhu wake. Zikakawia mpaka nikakata tamaa, halafu yakatoka majani mawili, nasi baadaye tukayahamishia kaburini. Kila msimu wa mvua yalirudi mapana zaidi, bila ua. Sikujua kwamba ua la namna hii hutaka miaka. Mwanzoni bibi alikwenda kuyaangalia akishikwa mkono. Baadaye akawa anauliza tu kutoka kitandani, "Bado?" nami namjibu, "Bado, bibi." Mwaka wa tano wa kungoja, kiangazi, bibi naye tulimzika kando ya babu. Mvua za kwanza zilizofuata, kabla udongo wa kaburi lake haujashikana, ua lilichomoza. Nilisimama pale nikahesabu kwa vidole, kuanzia zile nilizozikausha. Alikosa mwaka mmoja, ule nilioupoteza mimi moshini.

Sasa nakaa Visiga, upande wa Kibaha, ambako nilifundisha watoto Kurani mpaka sauti ikakwama. Kando ya Barabara ya Morogoro wanauza maua yaliyokwisha kuchanua, kwenye mifuko myeusi. Mtu hununua asubuhi, na adhuhuri baraza yake inapendeza. Mimi bado nafukia mbegu kwenye makopo, na wajukuu wananicheka: "Bibi, si ununue tu? Unasubiri nini?" Siwalaumu. Wamezaliwa katika mambo ya haraka, na mimi mwenyewe nimechoka. Kuinama juu ya kopo moja kunanimaliza pumzi. Namshukuru Mungu kwa umri alionipa na kwa bibi ambaye hakunigombeza. Najua siku ya mtu imeandikwa, haisogezwi mbele wala nyuma, na hivyo ndivyo nilivyowafundisha wengine. Lakini mtu akiniambia mwaka mmoja si kitu, nainuka kwenda kumwagilia makopo yangu.