Nyar Macalder Afungua Mkebe

Mimi si mtu wa ziwa. Naanza na hilo kabla mtu wa hapa Sindo hajaniambia naingilia mambo ya wenyewe. Mimi ni Bonareri, Mkisii, Msabato, muuza viazi na vitunguu, na kibanda changu kiko pale njia inaposhuka kwenda ufuoni. Miaka yote hii nimekaa katikati ya Wajaluo nikisikia kila kitu na kuambiwa hakinihusu. Sawa. Lakini hili la Filister linanihusu, kwa sababu viazi vilikuwa vyangu, na anayebisha aje tubishane.

Filister alikuwa akikaanga samaki kando yangu. Watu walimwita Nyar Macalder, yaani binti wa Macalder, kwa kuwa aliolewa hapa akitokea kule kwenye machimbo ya dhahabu. Mwanamke mwembamba, sauti nzito, hacheki ovyo. Mumewe alikuwa na mashua. Anavua, mke anakaanga, watoto wanaenda shule, maisha yanasonga. Kisha mume akafa, ndugu zake wakachukua mashua, na Filister akabaki na watoto, jiko na kikaango.

Sasa nisikilizeni jinsi samaki anavyopatikana hapa. Mashua ikikaribia, wanawake wanaingia majini hadi magotini, kila mmoja na beseni lake. Ukidhani pesa pekee ndiyo inayokupa samaki, wewe ni mgeni. Lazima uwe na jaboya wako. Jaboya ni mvuvi anayekuwekea samaki kando kabla ya wengine, na wewe nawe unamwekea... haya, sisi sote ni watu wazima. Pesa unalipa, na mwili unalipa. Tena bei haitajwi. Mwanamume anakuangalia tu, anakutupia samaki kwenye beseni, na ufuo mzima unajua baadaye atapiga hodi mlango wa nani. Ukiuliza, unaambiwa ni desturi. Desturi gani! Desturi ni kitu unachoweza kumweleza binti yako ukimtazama usoni.

Mwenye mashua nyingi kuliko wote alikuwa Willis. Huyu alikuwa rafiki wa marehemu, alilia matangani mpaka akashikiliwa. Watu hawajamaliza hata kurudisha viti vya matanga, akaja kwa Filister na samaki, ngege mnene, akamlaza mezani pake. Mimi nilikuwa napimia mtu viazi, masikio yote yako huko.

"Shemeji, hii ni yako," akasema. "Na kila siku utapata kama hii."

"Bei?" Filister akauliza.

Willis akacheka. "Yawa! Mimi na wewe kuna mambo ya bei?"

"Iko. Sema."

"Nyar Macalder, wacha kujifanya mgumu. Mwenye njaa hana miiko."

Filister akamshika yule samaki mkiani, akambandika Willis kifuani, juu ya shati jeupe. "Njaa ninayo," akasema, "na miiko ninayo."

Weee! Nilipiga makofi mpaka mteja wangu akaniangalia vibaya. Na apige picha akitaka! Moyo wangu ulijaa furaha kama ni mimi niliyesema.

Furaha haikudumu. Willis alishuka ufuoni bila kugeuka, na tangu siku hiyo hakuna mashua iliyomuuzia Filister hata mkia. Alikuwa akishuka na pesa mkononi, anakwenda kwa huyu, anakwenda kwa yule. "Imeisha," wanamwambia, na samaki wanarukaruka pale miguuni pao. Wengine waliona aibu, wakatazama maji. Cate hakuona aibu. Huyo ndiye aliyekuwa mwanamke wa Willis ufuoni wakati huo, beseni lake halikosi kujaa. "Nyar Macalder," alimpigia kelele mbele ya watu, "si ukaange dhahabu ya kwenu!"

Jiko la Filister likapoa. Watoto wake walikuwa wakitoka shule wanapita kwangu, nawachemshia viazi, nao wanakula kimya kimya bila kuomba chumvi. Ile nayo iliniuma. Nikamwambia, "Filister, sikia, kaanga chipsi. Viazi nitakupa, tutaelewana."

Akakataa. "Mimi ni mkaanga samaki, Bonareri. Nikiacha leo, Willis ataambia kila mwanamke hapa: mnaona aliyekataa? Sasa anauza viazi."

"Na viazi vina ubaya gani?"

"Havina ubaya. Lakini ni mimi nitakayechagua, si yeye."

Ndipo akanieleza ya Macalder. Mama yake alikuwa akiwapikia wachimbaji, watu wanaotoka shimoni na njaa ya simba na hawana subira ya kuchambua miiba. Alifungua samaki wa mkebe, akamponda na viazi, akakaanga vidonge bapa, vya kuliwa mkono mmoja, mwingine umeshika sururu. Katlesi, aliziita. Kisha akaniambia jambo jingine ambalo sikulipa uzito siku ile. "Kwetu, hata mwanamke aliyejaa matope mpaka nywele, dhahabu yake inawekwa kwa mizani, na mnunuzi anasema bei watu wakisikia. Ukiona ni kidogo, unaifunga kwa leso yako unaenda. Hakuna mtu anakufuata nyumbani."

Siku iliyofuata akanipa pesa nimletee katoni ya tuna kutoka Migori, nikienda kuchukua viazi vinavyoshuka kwa lori kutoka kwetu Kisii. Tuna, yule samaki wa bahari, wale wa Mombasa wanamwita jodari.

"Mkebe?" nikamwambia. "Hapa? Ziwa linakupigia mawimbi mlangoni na wewe unataka samaki wa mkebe? Watakucheka mpaka wakuzike!"

"Wacheke. Huyo wa mkebe hana mwenyewe."

Basi nikaleta. Nataka niseme ukweli: katlesi za kwanza zilikuwa aibu tupu. Hakumkamua samaki vizuri, na viazi alivichemsha vikanywa maji, kwa hiyo zilipoingia kwenye mafuta zikafumuka, kikaango kikawa uji. Cate alipita akachungulia. "Hiyo ni dawa ya kunywa ama ya kupaka?" Nilitaka kumrushia kitunguu, lakini kitunguu ni mtaji.

Filister alimwaga, akaanza upya, na safari hii mimi nikamchagulia viazi mwenyewe, vile vikavu vya unga, si vile vya majimaji ninavyowauzia watu wabishi. Tukavichemsha na maganda yake. Alimwaga mafuta ya mkebe kwenye kibakuli, hakuyatupa, akamkamua tuna kwa kitambaa mpaka akawa mkavu. Akaponda viazi, akatia samaki, kitunguu alichokikatakata mpaka kikawa kama chenga, dhania, pilipili, limau na yai la kushikanisha. Akafinyanga, akabonyeza kwa kiganja, akagaragaza kwenye mkate mkavu aliousaga kwa chupa. Kisha, hapa ndipo nilipojifunza, akaziacha zikae kwanza. Mafuta yakapata moto sawasawa, akaziweka, na hakuzigusa. Mimi mkono uliniwasha. "Geuza, zitaungua!"

"Wacha. Ukigeuza mapema inavunjika. Yenyewe itaachia kikaango ikiwa tayari."

Na kweli zikaachia. Akazigeuza, upande wa chini umekuwa hudhurungi, mgumu. Nilipouma, ganda lilialika, krap, na ndani mkawa laini na moto na limau likanipanda puani. Nikala nyingine. Nikamlipa, maana urafiki si kuibiana.

Sasa vijembe vikaanza. Watu wa ziwa wana kiburi cha samaki, wacha niseme. Samaki kwao lazima awe na kichwa, macho yanakuangalia, umle mpaka miiba ibaki safi. Wazee walipita wakitikisa vichwa kana kwamba Filister amevua nguo sokoni. "Anatuaibisha. Wageni watasema ziwa limekauka." Na Willis, alipoona maneno hayo hayatoshi, akaeneza kwamba ile mikebe ni chakula cha paka wa wazungu.

Paka! Hiyo ilishika. Wateja wachache waliokuwa wameanza kuja wakakata mguu. Siku nzima Filister alikaa na sinia limejaa, nzi na yeye, yeye na nzi. Nilikuwa na hasira mpaka nikamwongezea mtu viazi kwa kusahau.

Kesho yake, wakati wa chakula cha mchana, vijana wa bodaboda wamejaa pale kwenye kivuli cha kibanda changu, Filister akainuka na mkebe mmoja na kisu. Akapanda juu ya kreti.

"Nimesikia nawauzia chakula cha paka," akasema, na ile sauti yake nzito ikafika hadi kwenye mashua. Akatoboa mkebe, akaufungua mbele yao, akachota kwa kidole, akala. Akachota tena, akala. "Hii ni samaki. Haina kichwa kwa sababu hainiangalii. Haina mikono kwa sababu hainishiki. Nimeinunua dukani, bei imeandikwa juu, nikalipa, nikaenda nyumbani nikalala. Anayetaka kuonja aje. Anayetaka kunicheka, acheke. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji."

Sote tulijua anasema nini, na anamwambia nani. Kisha kijana mmoja wa bodaboda akacheka, si kwa ubaya, akanyoosha mkono. "Mathe, leta mbili." Akala amekaa juu ya pikipiki, mkono mmoja kwenye usukani, abiria akatokea, akaondoka anatafuna. Wenzake wakaona. Nani mwenye nafasi ya kuchambua miiba na abiria anaita? Wakaja wote. Baadaye wakaja walimu. Wakaja mama wa watoto wadogo, wale wanaoogopa mwiba kooni. Wazee waliendelea kutikisa vichwa, lakini mmoja nilimwona akimtuma mjukuu wake, na hana meno yule mzee, simtaji.

Sasa Cate. Asubuhi moja nafungua kibanda, namkuta amekaa kwenye gunia langu, beseni tupu mapajani. Willis alikuwa amepata mwingine, mdogo zaidi, na beseni la Cate lilikuwa likijazwa la mwisho, samaki waliopondeka. Mimi si malaika. Nilitaka kumuuliza kama dhahabu inakaangika. Lakini Filister alifika, akamtazama, akasema tu, "Unajua kukamua?"

"Nitajifunza."

"Basi nawa mikono."

Hakumsema hata neno moja. Mimi ningemsema wiki nzima.

Baada ya Cate akaja mwingine, na mwingine. Kila nikienda Migori narudi na katoni zaidi. Wanawake watano, sita, wamepanga majiko kando ya njia, harufu ya kitunguu na limau imeziba ya ufuo. Huko chini, mabeseni yakapungua. Willis alisema kwa kejeli, "Samaki mmoja akioza, wote wameoza." Hakujua anajitabiria. Kwa sababu siku moja lori la barafu liliharibika njiani, mashua zikaingia zimejaa, jua kali, na pale majini walikuwa wanawake wawili tu.

Saa saba mchana nikamwona Willis anapanda njia. Amebeba mbuta mkubwa begani, jasho linamtoka. Akapita majiko yote, akafika kwa Filister, akamlaza samaki mezani, palepale alipomlaza yule wa kwanza.

"Nyar Macalder," akasema polepole. Siku hiyo hakusema shemeji. "Nimekuletea samaki."

Filister alikuwa anageuza katlesi. Alimaliza kwanza. "Bei?"

Willis akatazama kulia na kushoto. Sote tulikuwa tunamwangalia, na mimi nilikuwa nimesimama juu ya gunia nisipitwe. "Tutaelewana," akanong'ona.

"Bonareri," Filister akaita, "niazime mizani."

Ala! Niliileta mbio. Samaki akawekwa, akapimwa, watu wote wanaona. "Haya," Filister akasema. "Sema bei. Kwa sauti, watu wasikie."

Shingo ya Willis ilivimba. Nilidhani ataipiga mizani yangu teke. Lakini jua lilikuwa kali na mashua zilikuwa zimejaa. Akataja bei. Ilitoka kama mtu anayetema jiwe, lakini ilitoka, na Cate kule kwenye jiko lake akairudia, ili hata waliokuwa mbali waisikie.

Filister akafunua mashavu ya samaki, akabonyeza nyama kwa kidole, akanusa. Hakuwa na haraka. Nami nilijua ana pesa, nilijua alivyomtamani samaki wa ziwa miezi yote ile, mkaanga samaki ni mkaanga samaki.

"Ghali," akasema.

"Nini?"

"Ni ghali, na imeanza kulegea. Sinunui."

Akachukua kijiti chake, akageuza katlesi iliyofuata. Willis alisimama pale kana kwamba anangoja sehemu ya pili ya maneno. Haikuwepo. Mwishowe akambeba samaki wake, akajaribu kwa Cate. Cate akasema bei ishushwe. Akashusha, mbele yetu sote, na Cate akanunua kipande.

Jioni Filister alizima jiko, akafunga pesa zake kwenye leso, akawaita watoto wakaondoka. Niliwatazama wakipanda njia mpaka wakafika kona. Hakuna mtu aliyemfuata nyumbani.