Mstari wa Kwanza wa Barua ya Kaka

Vita vilipokwisha nilikuwa nafundisha shule ya msingi katika kijiji kimoja cha ujamaa karibu na Nyamiaga, na nilikuwa nimechoka. Asubuhi darasa la kwanza, mchana darasa la tatu katika chumba hicho hicho, kisha shamba la kijiji, na jioni watu wazima waliokuja kujifunza kusoma huku wakisinzia. Sabuni ilikuwa haipatikani. Chaki tuliikata vipande ili ifike mwisho wa wiki. Juu ya hayo, kila aliyetaka barua ya kuomba kazi alinijia mimi.

Kwa barua hizo nilikuwa na mwanzo mmoja tu, niliofundishwa nikiwa mwanafunzi, na nilimwandikia kila mtu huo huo: "Kwa heshima na taadhima, mimi ni kijana wa Kitanzania mwenye akili timamu na afya njema, naomba kazi yoyote katika ofisi yako." Sikuwahi kuufikiria. Majibu hayakuja, na hata hilo sikulifikiria.

Kaka yangu alirudi nyumbani wakati wa kupanda maharage. Kabla ya vita alikuwa dereva wa mfanyabiashara mmoja wa Biharamulo mjini, mzee wa Kiislamu ambaye babu zake walitoka pwani. Serikali ilipokusanya magari ya kupeleka vyakula na mafuta mstari wa mbele, lori la mzee lilichukuliwa, na kaka akachukuliwa nalo. Yeye alirudi, mguu wa kushoto ukiwa haukunjiki sawasawa. Lori halikurudi.

Alikwenda Biharamulo kumsalimia tajiri wake. Mzee alimpokea vizuri, akamlisha wali, kisha akamwambia, "Mwanangu, nikupe usukani gani? Gari ndiyo hiyo imekwenda."

Basi kaka akaanza kushinda Lusahunga, njia panda, akiuliza madereva wa malori yanayokwenda Rusumo kama kuna anayetaka msaidizi. Alirudi na vumbi kichwani. Mama, ambaye sisi wote wawili tulikuwa tukila kwake, alimtazama akila.

Siku moja akasikia kwamba ofisi moja ya Ngara, iliyokuwa ikisafirisha kahawa na mahindi ya vijiji, inatafuta dereva. Akanijia nikisahihisha madaftari.

"Mdogo wangu, niandikie."

Nikachana karatasi katikati ya daftari, nikaandika mwanzo wangu wa siku zote. Nilipomsomea, akanizuia.

"Afya njema?"

"Ndivyo inavyoandikwa, kaka."

"Wakiniona naingia nachechemea watasema nimewadanganya kabla sijakaa."

Nilifuta maneno hayo mawili, nikaipeleka ilivyo. Haikujibiwa. Tukaandika ya pili, na safari hii nikajiona mwerevu, nikaanza hivi: "Mimi ni mwananchi niliyelitumikia taifa langu vitani hadi nikaumia mguu." Nilidhani atafurahi. Aliinyakua karatasi, akaikunja, akaitia mfukoni mwa shati.

"Kwa nini?" nilimuuliza. "Si kweli?"

Tulikuwa tukizungumza Kihangaza, lugha ya nyumbani, na katika lugha ile ni vigumu zaidi kukwepa swali.

"Mimi sikupigwa risasi," alisema. "Tulikuwa tunapakua mafuta, pipa likaniponyoka, likaniangukia. Basi. Nikiandika vita, wataniuliza risasi iliingilia wapi. Yupo mwenzangu aliyekuwa akilala chini ya lori pamoja nami, hakurudi kwao. Huyo ndiye wa kuandikiwa hivyo."

Nilikuwa na madaftari mengi mbele yangu, na kwa kweli nilitaka aondoke nimalize kazi. Lakini hakuondoka. Mama alikuwa anachambua maharage mlangoni, akauliza tunabishania nini. Nikamweleza kwamba hatujui barua ianzeje.

"Wanatafuta nini hao watu?" aliuliza.

"Dereva."

"Basi waambieni amekuja dereva. Mengine yana haraka gani?"

Nilimgeukia kaka. "Haya, niambie wewe ni dereva wa namna gani. Usiseme kwa lugha ya barua. Niambie mimi."

Akaanza polepole, halafu hakunyamaza. Alikuwa utingo kwanza, akifunga turubai na kubeba maji ya rejeta. Alijifunza kuendesha kwa kurudisha lori nyuma uani kwa mzee. Anaijua barabara ya Biharamulo hadi Ngara wakati wa mvua, anajua pa kusubiri tope likauke. Akiwa porini anaweza kuziba pancha na kusafisha pampu ya dizeli. Hajawahi kupindua gari. Uso wake ulibadilika akisema hayo, nikaona kwamba tangu arudi hakuna aliyemuuliza.

"Na mguu?" niliuliza. "Klachi?"

"Naikanyaga. Kukunja goti ndiyo shida. Andika hivyo hivyo."

Nikaandika: "Mimi ni dereva wa lori mwenye leseni. Nimeendesha kati ya Biharamulo na Ngara masika na kiangazi bila kupindua gari, na matengenezo ya njiani nayafanya mwenyewe. Goti langu la kushoto halikunjiki vizuri, lakini klachi naikanyaga, naomba mnijaribu." Heshima na taadhima nikaziweka chini, mwishoni.

Walimwita. Alikwenda Ngara amevaa shati lililokosa sabuni lakini limepigwa pasi. Alitusimulia baadaye kwamba alipomwamkia mkuu wa ofisi, mkuu huyo aliitikia marahaba huku akisoma barua, akauliza neno moja tu, "Goti lenyewe ndilo hilo?" Kisha akampa ufunguo, akapanda pembeni yake, wakazunguka mji.

Alipata kazi. Mama alipiga vigelegele peke yake uani, na mimi siku ile nikalala mapema.

Baada ya mavuno nilipita Ngara kufuata mshahara wangu uliochelewa, nikaenda kumwona. Nilimkuta nyuma ya ofisi akifuta kioo cha lori lililokuwa limeinuliwa juu ya mawe. Matairi yalikuwa yameagizwa. Dizeli nayo ilikuwa imeagizwa. Tangu aajiriwe alikuwa amesafiri mara chache tu.

"Kazi ipo," alisema. "Safari ndiyo hakuna."

Tulikaa kwenye kivuli cha lori tukala ndizi nilizobeba. Aliniambia wenzake wawili wa ofisini wana wadogo zao wanaotaka niwaandikie barua, tena wamesisitiza ianze kama yake: dereva wa lori, hajapindua gari, goti la kushoto. Nikamuuliza kama wanajua kuendesha.

"Hawajui," alisema, akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu arudi.

Nilimwambia awalete wote wawili Jumamosi, nitawauliza mmoja mmoja. Kisha nikaanza safari ya kurudi Nyamiaga kwa miguu, maana gari la kupanda halikuwapo.