Waya Alivyoirudisha Nyuma Mashine ya Masikio

Jina lake la kwenye vitambulisho hatulitumii. Hapa kwenye nyumba tuliyopanga anaitwa Masikio, na ukimpigia simu yeye mwenyewe hujitambulisha hivyo. Surua ilimpofusha akiwa bado hajaanza shule, na tangu hapo kazi ya macho ikahamia masikioni. Anakujua kwa unavyopanda ngazi. Ukiwa na mafua yeye ndiye wa kwanza kukupa pole, kabla hata hujapiga chafya.

Kazi yake ni kuandika yaliyosemwa. Mashirika na ofisi za watafiti humletea sauti zilizorekodiwa kwenye mikutano na mahojiano, naye huzisikiliza na kuzichapa neno kwa neno. Chini ya meza yake palikuwa na pedali, mfano wa ile ya cherehani, aliyoikanyaga ili sauti isimame au irudi nyuma kidogo. Na ndani ya kompyuta mlikuwa na programu iliyomsomea kila kilichoandikwa kwenye skrini. Sauti yake ilikuwa ya mwanamke mkali, iliyotamka Kiswahili kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Masikio aliiita Bibi. Alikuwa ameizoea kiasi cha kuiendesha mbio, hata mgeni akiingia alidhani kuku wanagombana, lakini yeye neno halikumpita. Kwa pedali ile na Bibi yule aliwasomesha binti zake wote wawili hadi wakamaliza na kupata kazi zao.

Kompyuta ya zamani ilimfia mezani, katikati ya hotuba ya diwani mmoja. Mabinti wakachanga, wakamletea mpya kabisa, nyepesi, ya kufunga na kubeba kwapani. Tuliitwa sote kuiona. Mmoja wa mabinti akaibonyeza, na baba yake akainamisha kichwa akaweka sikio juu ya kibodi. Akauliza imewaka au bado imelala, maana hakusikia chochote. Tukacheka. Ilikuwa imewaka zamani. Ilikuwa kimya tu, kama haipo.

Furaha haikudumu. Mashine ilikuja na mfumo mpya, yaani ule utaratibu mkuu unaoendesha kila kitu ndani yake, na mfumo huo haukumtaka Bibi. Walipomweka, alitamka nusu neno akanyamaza. Pedali nayo haikutambulika. Aliikanyaga mpaka mguu ukachoka. Dukani waliwaambia mabinti kwamba baba yao ajifunze programu nyingine na vifungo vingine. Masikio hakutaka. Alisema arudishiwe mfumo wa zamani, basi; hawezi kuzeekea humu ndani halafu aanze kujifunza upya njia ya kwenda chooni kwake.

Mtu wa kumrudishia alikuwapo. Waya, rafiki yake wa tangu dawati la shule. Darasani Waya alimsomea ubao kwa kunong'ona, na Masikio akamlipa kwa kumnong'oneza majibu ya hesabu. Walimu waliwaona na wakafumba macho. Walipokua, mmoja akawa mchapaji na mwingine fundi wa kompyuta, na urafiki ukabaki pale pale. Waya alikuwa mpambe wake siku ya harusi. Alimpeleka benki, akamsomea ujumbe wa simu na mikataba ya kazi, akamwonyesha pa kuweka sahihi. Mke wa Masikio, anayefua mashuka hospitali, alimwita shemeji, na chakula kikiiva sahani ya shemeji ilitengwa bila kuuliza kama atakuja.

Waya alikuja siku ile ile aliyopigiwa. Akaigeuzageuza mashine, akasema ni nzuri mno, kisha akasema kuirudisha nyuma si kazi ngumu, ila itabidi aifute yote na kuanza upya, kwa hiyo aondoke nayo. Walipomuuliza habari ya malipo alikasirika kidogo. Tangu lini, alisema, kati yake na Masikio pakawa na bili?

Alipoirudisha, Bibi alisema. Pedali ikaitika. Masikio alichapa sentensi moja, akairudisha nyuma kwa mguu, akairudisha tena, akacheka peke yake. Kisha akasogeza sikio.

"Mbona inanguruma?"

Waya akamwekea mkono begani. "Mfumo wa zamani ni mzito, kaka. Mashine inabeba mzigo ambao haikuzaliwa nao. Lazima iheme."

Maelezo hayo yalimwingia. Alitusimulia sisi majirani barazani, kwa fahari, kama vile yeye ndiye fundi: kwamba vitu vipya vimezoeshwa raha, ukivipa kazi ya zamani vinahema. Mashine ilichukua muda mrefu kuamka asubuhi, hata chai ilimalizika yeye bado anamsubiri Bibi. Mkewe akaliona hilo. Siku moja akamuuliza kama ana hakika mashine hii ni ile ile waliyoletewa na watoto. Masikio akapitisha viganja juu ya mfuniko, pembeni, kwenye vitundu vya nyaya, akasema ni ile ile. Kisha akamwambia asimseme shemeji yake namna hiyo tena. Mama watoto akanyamaza, na katika nyumba ile kunyamaza kwake huwa si kukubali.

Basi ikaja kazi kubwa. Ofisi moja ya watafiti ilimpa mahojiano ya wauguzi, sauti nyingi, nyingine zimerekodiwa wodini huku watoto wanalia. Alijifungia nayo. Alikuwa amekaribia mwisho mashine ilipoanza kutoa mlio mwingine, wa kugongagonga, kama mtu anayebisha hodi kwa ukucha. Bibi akakatika katikati ya neno. Hakusema tena.

Alimpigia Waya. Waya akasema yuko safarini, atakuja akirudi. Akampigia tena kesho yake, simu ikaita bila kupokewa. Mara ya tatu haikuita kabisa. Masikio, ambaye hajawahi kuchelewesha kazi ya mtu, akaona afadhali aende mwenyewe akaeleze. Akaikumbatia mashine yake, akashika fimbo, akaenda ofisini kwa wale watafiti.

Pale kuna dada anayetunza kompyuta zao. Alimpokea vizuri, akamkalisha, akafungua mashine kwa bisibisi ili aone kama kazi inaweza kuokolewa. Akaiweka bisibisi mezani.

"Mzee, diski hii uliwekewa na nani?"

"Imekuja na mashine. Mashine ni mpya."

Yule dada akasogeza kiti karibu. Akamweleza taratibu kwamba mashine za aina hii hutoka kiwandani na diski nyembamba kama kipande cha ubani wa kutafuna, isiyozunguka wala kutoa sauti, na kwamba mahali pake palikuwa wazi. Iliyofungwa pembeni yake ilikuwa diski ya kizamani, ya kuzunguka, iliyochoka, ina lebo ya shule fulani iliyobanduliwa nusu. Memori nayo ilikuwa imepunguzwa. Mfumo wa zamani ulikuwemo, ndiyo, lakini mfumo peke yake usingeifanya mashine ingurume.

Masikio akamwambia dada kwamba amekosea. Akasema aliyeitengeneza ni ndugu yake.

Dada hakubishana naye. Aliuliza kama anaweza kumshika mkono, kisha akachukua kidole chake akakiweka kwenye ile nafasi iliyo wazi. Kidole kikaingia, kikagusa meno ya soketi, kikakosa kitu cha kugusa. Baadaye akamwekea ile diski kiganjani. Ilikuwa nzito, ina kona iliyobonyea, na mahali pa skrubu mbili palikuwa na skrubu moja.

Aliniambia baadaye kwamba hasira haikuja pale. Ilikuja aibu. Masikio yake yalimwambia tangu siku ya kwanza. Aliisikia mashine ikiwa kimya na akaisikia ikinguruma, na yeye, mtu anayejua mpangaji amevaa viatu vipya, akayaambia masikio yake yanyamaze kwa sababu Waya amesema.

Hakurudi nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha Waya. Safari haikuwapo, redio ilikuwa inaimba, na harufu ya risasi ya kuchomelea ilitoka mpaka barabarani. Redio ikazimwa. Mkono ukamshika kiwiko kama siku zote, ukampitisha kati ya makasha hadi kwenye stuli. Akakubali kuongozwa. Hilo nalo lilimuuma alipolikumbuka.

"Diski yangu iko wapi?"

Waya akaanza na ile habari ya mzigo na kuhema. Masikio akamwacha aseme mpaka akafika mwisho, kisha akamwambia kwamba nafasi yake ameishika kwa kidole. Ndipo Waya akabadilisha. Akasema aliharibu mashine ya mteja mkorofi, akakwama, akaichukua ile kuziba pengo huku akitafuta nyingine ya kumrudishia. Memori je? Hiyo ilifuata tu. Halafu, akasema, mfumo wa zamani hauhitaji nguvu zote zile, zingekaa bure.

"Mteja mwenye macho ungemfanyia hivyo?"

 Sauti ya Waya ikawa ya mtu aliyeonewa.

"Tangu utoto nakusomea. Ubao, benki, barua, simu zako. Kuna siku hata moja umeniuliza kama nachoka?"

Masikio alikaa akiyasikiliza maneno hayo, kama anavyosikiliza sauti ngumu za wateja wake, akiyarudia mwenyewe kichwani.

"Nilidhani tulikuwa marafiki," akasema. "Kumbe ulikuwa kazini."

Akainuka. Mkono ukaja tena kwenye kiwiko, akauondoa. Alipopiga hatua akajigonga goti kwenye kasha. Nyuma yake Waya akasema, kwa sauti ile ile ya kunong'ona ya darasani, "Kushoto. Kushoto kidogo." Masikio akasimama. Maishani mwake hakuwahi kuambiwa kushoto na mtu huyu akasita. Sasa akatanguliza fimbo, akapapasa chini. Ilikuwa kushoto kweli.

Alipofika nyumbani hakumweleza mkewe mara moja. Alikaa kitandani na viatu vyake, akamuuliza suti aliyoolea ilikuwa ya rangi gani. Mama watoto akashangaa, akasema bluu nzito, si anajua. Masikio akasema yeye hajui, yeye aliambiwa na Waya dukani. Akauliza tena, bluu kweli? Bluu kweli, akasema mkewe, na ilimkaa vizuri kuliko watu wote waliokuwapo. Hapo ndipo alipolia. Aliniambia kwamba angesikia suti ilikuwa ya rangi ya matope angepumua, maana angejua mtu yule alikuwa hivyo tangu mwanzo.

Mkewe alikwenda kushtaki kwa viongozi wa mtaa bila kuomba ruhusa, na mumewe hakumzuia. Waya hakutokea. Alimtuma mtu alete memori imefungwa kwenye gazeti, diski alishaiuza. Mtu yule aliuliza kama kuna jibu. Mama watoto akamwambia jibu ni sahani, amwambie shemeji kwamba sahani yake sasa anakulia paka.

Mabinti walinunua diski nyingine, na yule dada wa ofisini akaifunga. Alimshauri Masikio mashine ibaki na mfumo wake mpya, akamtafutia programu nyingine ya kusoma. Hii ina sauti ya mwanamume mpole, anayeomba samahani akikosea. Masikio hampendi, lakini wanaelewana. Pedali imewekwa juu ya kabati. Sasa anasimamisha sauti kwa vidole, na mwanzoni mguu wake uliendelea kukanyaga sakafu bure. Yale mahojiano ya wauguzi hayakuokoka. Aliyachapa upya yote. Ofisi ilimshukuru, na kazi iliyofuata wakampa mtu mwingine.

Waya wanakutana naye mara chache njiani. Waya husimama na kubana pumzi mpaka Masikio apite, akidhani hajulikani. Masikio hupita.

Kilichobadilika ni namna ya kusomewa. Sasa barua ikija humpa mtu aisome, akamshukuru, kisha akashuka ngazi na kumpa mwingine aisome tena. Mimi nimepewa kusoma nyingi ambazo najua zimeshasomwa juu. Wiki iliyopita alileta karatasi ya idara ya maji. Nilikuwa nimefika katikati mkewe alipotokea mlangoni na beseni la nguo. Alikuwa amemsomea karatasi hiyo asubuhi.

"Hata mimi?" akauliza.

Masikio alinyoosha mkono nikamrudishia karatasi. Akaikunja, akaifungua tena, akasema ndiyo, hata yeye, na kwamba anajaribu kuacha lakini bado hajaweza. Mama watoto akaweka beseni chini. Alikaa kwenye ngazi karibu naye, akaichukua karatasi, akaanza kuisoma upya toka juu, polepole, pamoja na namba zote.