Nafasi ya Mke Mmoja

Shule mimi niliacha darasa la pili, kwa hivyo ukiona nimeruka mahali, nivumilie. Nianze na boma. Sisi ni watu wa karibu na Kisegi, na nyumba yangu ndiyo inayotazama lango, kwa sababu mimi ndiye mikayi, mke wa kwanza. Nyumba ya mke mwenzangu iko kando. Ina mabati mapya. Yangu inavuja, lakini hayo tuyaache.

Mikayi hutangulia. Mbegu ni yangu kwanza kuingia ardhini, mavuno ni yangu kwanza kutoka. Mwenzangu alipoolewa hiyo kanuni ilimchoma sana. Aliniuliza kama hata kupiga chafya lazima angoje nianze. Nikamwambia ndiyo. Tuligombana miaka na miaka mpaka tukachoka, na siku hizi mzee wetu akituudhi, tunamsengenya pamoja jikoni kwangu.

Basi wasichana wa bima ya afya walikuja kwa chifu na zile simu kubwa. Mzee akaenda na vitambulisho vyetu vyote mfukoni, nami nikamfuata.

"Mzee, una bibi?" msichana akauliza.

"Wawili."

"Hapa pana nafasi ya mmoja. Mwingine atajiandikisha peke yake, kama nyumba yake."

Foleni ikacheka. "Chagua, mzee, tuone leo!"

Lakini achague nini? Akatoa kitambulisho changu. Kunipita mimi mbele ya watu ingekuwa matusi, na mwenzangu mwenyewe angeona haya kutajwa kabla yangu. Kitambulisho chake kikarudi mfukoni, tukasema ataandikishwa baadaye. Mzee akauza dume la ng'ombe, akalipa bima ya mwaka mzima. Kisha kukaja palizi, kukaja matanga ya dada yangu kule Sori, ambako mvua ilitunyeshea siku zote na hema likaanguka juu ya wali. Unajua baadaye inavyokuwa.

Ndipo mwenzangu akaanza kutokwa na damu isiyokoma. Zahanati ikatutuma hospitali ya Homa Bay. Daktari akasema ana uvimbe kwenye mfuko wa uzazi, mkubwa kama kichwa cha mtoto mchanga, na utolewe upesi kwa sababu damu yake inaisha. Tukaenda sote watatu kwenye dirisha la bima.

"Huyu hajaandikishwa," kijana wa dirishani akasema.

"Ni bibi ya huyu mzee," nikamwambia.

"Bibi ya huyu mzee ni wewe, mama."

"Basi nitoe mimi, umweke yeye."

Akasema anayetolewa ni aliyekufa au aliyeachwa, tena kwa karatasi. Mzee akageuka akanitazama.

"Usinitazame hivyo," nikamwambia.

Mwenzangu alikuwa amejikunja kwenye benchi. "Usife, Mikayi," akasema. "Ukifa sasa hivi, nani ataanza kupanda? Tutakaa na njaa."

Nikamwambia kijana basi nitaweka kidole changu mimi kwenye ile mashine yao ya kutambua watu, yeye alale kitandani. Akacheka, lakini si kwa ubaya. "Mama, anayepasuliwa ni mwenye kidole."

Akamwandikisha palepale, kwa simu kama ile ya wale wasichana. Akamuuliza paa ni la nini, choo ni cha namna gani, anapikia nini, maana simu hupima uwezo wa mtu ndipo iseme atalipa ngapi. Mwenzangu akajibu bila kuficha, na kwa mabati alijibu hata kwa majivuno kidogo. Mimi nilitaka kumkanyaga mguu lakini nilikuwa mbali. Yale mabati alinunuliwa na mwanawe anayeendesha bodaboda Migori; ndani ya nyumba hakuna kitu. Lakini simu haikuingia ndani. Ikatoa hesabu yake, kubwa kuliko yetu, ya mwaka mzima, na ilipwe yote kwa pamoja kabla hajalazwa kwa bima.

Mwanawe ametuma alichokuwa nacho. Hakijafika hata nusu. Mzee anazunguka kwa ndugu zake, anarudi na kuku. Mahindi bado ni mabichi. Tumerudi nyumbani na vidonge vya damu na vya maumivu, na daktari ametuambia tusikae sana, kana kwamba tunakaa kwa kupenda.

Analala kwangu sasa, hata paa likivuja, maana usiku anahitaji mtu. Jana nilikuwa nafua vitambaa vyake, akaniita kutoka mkekani.

"Mikayi, wewe ukiugua leo unalazwa tu?"

"Nalazwa."

"Na chakula unapewa?"

"Napewa."

"Basi ugua kidogo. Ile pesa ya dume isipotee bure."

"Siugui mimi. Hata mafua sina."

"Kichwa kigumu," akasema. "Hata kuugua kwenyewe umeshindwa kutangulia."

Tukacheka. Kicheko kikamgeukia tumboni, akajishika kwa mikono miwili. Nikaacha vitambaa, nikaja kumshika na mimi, mikono ikiwa bado na sabuni. Nilishika pale alipokuwa ameshika. Haikusaidia kitu.